Mitungi ya kuzimia moto kazini: nitajuaje imefanyiwa sevisi kweli na siyo kubandikwa stika tu?

Mama_Usalama:

Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia usalama kwenye karakana ya samani hapa Dar es Salaam. Tuna mashine za mbao na vumbi lake, chumba cha kupulizia vanishi na thina, swichi kubwa ya umeme, chumba kidogo cha seva, na jiko la wafanyakazi ambako chipsi hukaangwa kila siku. Mitungi yetu ya kuzimia moto ni 14: kumi ya poda ya ABC (ya moto wa vitu kama mbao, wa vimiminika na wa gesi) ya kilo 6, mitatu ya CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi (miwili ya kilo 5, mmoja wa kilo 2) na mmoja wa povu wa lita 9. Mingi ya poda imegongwa mhuri wa mwaka 2017 kwenye mwili.

Mtoa huduma wetu huja mara moja kwa mwaka. Safari hii mafundi wawili wamemaliza mitungi yote kwa dakika arobaini. Wamefuta vumbi, wametazama geji (kipimo cha presha), wamebandika stika yenye tarehe ya mwaka ujao, wakaacha ankara. Hakuna mtungi uliofunguliwa na sikuona mizani. Sitaki kumtuhumu mtu kwa jambo nisilolijua, kwa hiyo naomba mnifahamishe:

1. Sevisi ya mwaka inatakiwa kuwa na kazi gani hasa kwa kila aina ya mtungi?
2. Mshale wa geji ya mtungi wa 2017 ukiwa bado kwenye kijani (presha inayotakiwa), kuna haja ya kuufungua?
3. CO2 haina geji. Nitajuaje kama imejaa?
4. Sisi wenyewe tufanye nini kila mwezi?

---

FundiNitrojeni:

Dada, dakika arobaini kwa mitungi 14 haifiki hata dakika tatu kwa mtungi mmoja. Hata sevisi ndogo haienei humo. Ila tuwe wa haki: mtungi wa poda wenye presha ndani haufunguliwi kila mwaka, kwa hiyo kutofunguliwa peke yake si kosa. Kosa ni kutopimwa na kutoguswa.

Kila mwaka fundi anatakiwa aushushe mtungi ukutani, aupime uzito na kulinganisha na uliorekodiwa mara ya mwisho. Achomoe pini aone kama inatoka kwa ulaini, kisha airudishe. Avue hosi apulizie ndani yake kuhakikisha njia iko wazi, atazame oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) ya hosi, na akague sehemu ya chini ya mtungi, pale maji ya kudekia yanapotuama. Halafu aupindue kichwa chini miguu juu na kusikiliza. Poda nzima huteleza ndani na unausikia uzito ukihamia upande mmoja. Poda iliyoshikana haisogei, au huanguka bonge zima kwa kishindo. Akimaliza anaweka sili mpya kwenye pini. Hiyo sili ya plastiki ni nyembamba makusudi, ikatike kwa nguvu ya mkono. Ukikuta mtu amefunga waya wa bainding au kamba ya kubania nyaya, ikate siku hiyohiyo, maana mtu mwenye hofu hataweza kuitoa.

Sasa jambo linalowachanganya wengi, mafundi wakiwemo. Kwenye mtungi wa poda, mizani haikuambii kama presha ipo. Nitrojeni, ile gesi inayosukuma poda, iliyomo kwenye mtungi wa kilo 6 ina uzito wa makumi machache tu ya gramu. Presha yote inaweza kuisha na mizani ya kawaida isishtuke. Mizani inakuambia kama poda imepungua, geji inakuambia kama gesi ipo. Unahitaji vyote viwili. Kwenye CO2 hali ni kinyume kabisa, nitamwachia anayeifanyia kazi zaidi aeleze.

Kuhusu geji ya kijani kwenye mtungi wa 2017: geji inasoma gesi, haisomi poda. Poda inaweza kuwa imegeuka jiwe chini ya mtungi na mshale ukabaki kijani mwaka hadi mwaka. Siku ya moto ukibana mpini itatoka gesi tupu na vumbi kidogo, basi. Vyanzo vikubwa vya kuganda ni viwili. Cha kwanza ni unyevu ulioingia wakati wa kujaza. Cha pili ni mtikisiko: mtungi uliofungwa jirani na mashine ya randa au kwenye gari hushindilia poda yake taratibu mpaka inakuwa tofali.

Ndiyo sababu viwango vimeweka muda wa kufungua. Kiwango cha Uingereza, BS 5306-3, kinataka maji, povu na poda zifanyiwe sevisi kubwa, ya kufungua mtungi, kila miaka 5. Kile cha Marekani, NFPA 10, kinataka mtungi wa poda wenye presha ufunguliwe kila miaka 6 na upimwe mwili kwa presha ya maji kila miaka 12. Na kwa kuwa mitungi mingi tunayouziwa huku imetengenezwa China, jua kwamba kiwango chao wenyewe kinataka poda ifunguliwe mara ya kwanza ikifika miaka 5 tangu itengenezwe, kisha kila miaka 2, na ikifika miaka 10 mtungi utupwe. Chagua kiwango chochote kati ya hivyo, wako wa 2017 umeshapitiliza kufunguliwa.

Kazi ya kufungua inavyokwenda, ili ujue unachotazama ukiwa umesimama pale:

Presha hutolewa kwanza. Mtungi unapinduliwa kichwa chini na mpini unabanwa taratibu. Bomba la ndani la kunyonya poda linabaki juu ya poda, kwa hiyo gesi inatoka karibu bila poda. Mshale wa geji lazima ushuke hadi sifuri. Ukibaki kijani wakati mtungi ni mtupu, geji imekufa na inabadilishwa. Hapo ndipo kichwa kinafunguliwa kwa spana, polepole, na fundi asiweke uso juu yake. Ukisikia mlio wa gesi kwenye nyuzi, anasimama hadi unyamaze.

Poda inamiminwa kwenye ndoo safi na kavu kupitia chekecheo. Chukua konzi, ibane mkononi, iachie iangukie sehemu ngumu kutoka sentimita kumi hivi. Ikisambaa kama unga, ni nzima. Bonge likianguka likabaki bonge, poda yote ya mtungi huo inatupwa. Kuiponda na kuirudisha ni udanganyifu, kwa sababu iliyoganda imeshashika maji na itaganda tena. Ndani ya mwili fundi anamulika tochi, anatazama kutu na maungio ya kuchomelea. Bomba la ndani linapulizwa. Oringi ya shingo inabadilishwa kila mara kichwa kinapofunguliwa, inapakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya magari isitumike, hula mpira.

Poda inarudishwa kwa faneli na kupimwa kwa mizani hadi uzito wa kwenye lebo. Nyuzi za shingo zinafutwa kwa brashi kavu, maana chembe moja ya poda chini ya oringi inatosha kuvujisha mtungi. Kisha nitrojeni kavu, kupitia regulita (kifaa cha kupunguza presha), hadi presha iliyoandikwa kwenye mwili, kwa kawaida kati ya bar 12 na 15. Presha inasomwa kwenye regulita, siyo kwenye kigeji kidogo cha mtungi. Kigeji kile ni cha kuonyesha tu. Silinda ya nitrojeni ikijaa huwa na bar 150 hadi 200, kwa hiyo fundi anayeunganisha bila regulita mfukuze kabla hajaua mtu. Mwisho ni maji ya sabuni kwenye shingo, kwenye geji na kwenye mdomo wa valvu, na mtungi unaachwa hadi kesho yake ndipo geji isomwe tena na sili iwekwe.

Kwa fundi mzoefu hiyo ni nusu saa au zaidi kwa mtungi mmoja. Kwa mitungi kumi ni kazi ya siku nzima karakanani kwake, siyo ukutani kwako.

---

Kilo_Tano:

Nichukue ya CO2.

Geji haipo kwa sababu isingekusaidia. Ndani ya mtungi CO2 iko katika hali ya kimiminika na mvuke wake juu. Kwa nyuzi 20 presha ni kama bar 57, na inabaki hapohapo iwe imejaa au imebaki robo, ilimradi kimiminika kipo. Kwa hiyo dawa ni mizani, hakuna njia nyingine.

Tazama begani mwa mtungi au kwenye lebo kuna uzito mtupu umegongwa. Tuseme umeandikwa kilo 11.4 na ujazo ni kilo 5. Jumla ni 16.4. Ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi, yaani nusu kilo, mtungi unapelekwa kujazwa. Kwa mfano huo, ukisoma chini ya 15.9 haufai kurudi ukutani. Angalia sana uzito mtupu umehesabiwa pamoja na nini. Mara nyingi ni mwili na valvu bila hosi na koni nyeusi (mdomo mpana gesi inakotokea). Mtu akipima na koni yake anaweza kuona uzito umetimia kumbe gesi imepungua. Vua hosi na koni, pima, andika, rudisha.

Kwa kilo 2 upungufu unaokubalika ni gramu 200, kwa hiyo mizani ya gunia isiyosoma chini ya nusu kilo haikufai. Tafuta ya kidijitali inayosoma gramu 50 au chini yake na inayobeba kilo 30.

Joto: CO2 ikizidi nyuzi 31 haiwi tena kimiminika, presha hupanda haraka. Valvu ina kisahani cha usalama kinachopasuka kabla mwili haujapasuka, ndiyo maana mtungi uliowekwa juani au kwenye gari lililofungwa mchana wa Dar unaweza kumwaga gesi yote wenyewe. Kwenye karakana yako usiuweke ukuta unaopigwa na jua la alasiri wala chini ya bati bila dari.

Mwili wa CO2 hupimwa kwa presha ya maji kila miaka 5 kwa NFPA, au kila miaka 10 kwa BS. Tarehe ya kupimwa hugongwa kwenye chuma chenyewe. Stika ya karatasi haihesabiki. Na asije mtu akakuambia ataupima kwa hewa ya kompresa. Maji hayashindiliki, mwili ukikubali ufa yanavuja tu. Hewa ikiwa ndani, mtungi unaruka vipande.

Moja la mwisho, chumba cha seva. Kilo 1 ya CO2 inatoa karibu nusu mita ya ujazo ya gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 5 unatoa kama 2.7. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5. Hiyo ni karibu asilimia 12 ya hewa yote, na ikizidi 10 mtu anapoteza fahamu upesi. Kwa chumba kama hicho weka ule wa kilo 2, na uandike mlangoni: ukishapuliza, toka na ufunge mlango. Mkono ushike mpini, usishike koni isipokuwa ile iliyotengenezwa isigande. Gesi inatoka ikiwa baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na hubandua ngozi.

---

Mvita_Karakana:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Wenzangu wamesema vizuri, mimi naongezea ya pwani na ya kila mwezi.

Chumvi ya bahari hula mtungi kuanzia chini. Ule ukingo wa chini, hasa wenye kifuniko cha plastiki, hushika maji na kutu hufichika ndani yake. Kila mwezi mgeuze uone. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa si tatizo. Kutu iliyochimba mashimo, au rangi iliyovimba kama lengelenge, mtungi uondolewe usitumike. Na asikubali mtu kupaka rangi juu yake. Mtungi uliopakwa rangi upya huku lebo imefunikwa ni wa kukataa moja kwa moja, kwani rangi hiyo imeficha kitu.

Nyigu nao ni wabaya. Hujenga udongo kwenye nozeli na ndani ya koni ya CO2. Kila mwezi chungulia. Usizibe mdomo kwa tambara wala gundi. Mpate kifuniko chepesi kinachoruka kwa presha.

Ukaguzi wa mwezi hauhitaji fundi. Mtu mmoja mwenye orodha ya namba za mitungi apite atazame: upo mahali pake? Hauzibwi na mbao au maboksi? Pini na sili zipo? Mshale uko kijani, wala haukupita juu ya kijani? Hosi haina ufa ukiikunja kidogo? Maandishi ya lebo yanasomeka na yanamwelekea mtu? Auinue kidogo kwa mkono, kisha aweke tarehe na saini. Mtungi ulio mtupu huutambua mara ile ile ukiuinua. Mitungi 14 ni kazi ya nusu saa.

Huku Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi 12, na mkaguzi huanza na daftari hilo. Bila daftari huna cha kumwonyesha hata kama mitungi yako ni mizima.

---

Mama_Usalama:

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimekwenda kutazama. Mitungi miwili ya poda iliyo jirani na mashine ya randa, nikiipindua sisikii kitu kikisogea. Mmoja karibu na lango geji iko chini ya kijani, na sili yake haipo; mlinzi anasema kuna mtu aliwahi kuujaribu kidogo tu akarudisha.

Nimempigia mtoa huduma. Anasema atakuja na kompresa aijaze upepo hapahapa, na kama poda imeganda ataongezea poda mpya juu kutoka kwenye mfuko alionao. Hili ni sawa?

---

FundiNitrojeni:

Hapana, na tafadhali usimruhusu.

Hewa ya kompresa ina unyevu, na Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima. Ukiibana hewa hadi bar 14 maji yaliyomo hujitenga na kudondoka ndani ya poda. Miezi michache baadaye una tofali lenye geji ya kijani. Nitrojeni kavu, basi.

Kuongezea poda juu ya poda ni hatari zaidi kuliko inavyosikika. Poda ya ABC kiini chake ni fosfeti ya amonia, ambayo ina tindikali. Poda ya BC (isiyo ya moto wa mbao) mara nyingi ni bikaboneti ya sodiamu. Zikichanganyika pakiwa na unyevu kidogo zinaanza kumenyana: zinatoa CO2 na maji, poda inaganda, na presha inapanda ndani ya mtungi uliofungwa mpaka unaweza kupasuka ukiwa ukutani. Rangi haikusaidii kutofautisha, kila kiwanda hutia rangi yake. Mfuko usio na jina la poda, kiwanda na tarehe haufai kuingia kwenye mtungi wako. Vifaa navyo visichanganywe: faneli, ndoo na mashine ya kunyonyea poda ya BC isiguse ABC.

Huo wa langoni: mtungi wa poda "uliojaribiwa kidogo" hesabu umetumika. Poda ikishapita kwenye valvu, chembe zinabaki kwenye kikalio chake, valvu haifungi vizuri tena, na gesi inavuja kwa saa au siku chache. Hakuna kujaribu kidogo. Hata ukibana sekunde moja, lazima ufunguliwe, usafishwe valvu na ujazwe upya.

Ile miwili ya karibu na randa, wafungue mbele yako. Kuigonga kwa nyundo ya mpira mpaka poda ilegee kunafaa kama ni kushindiliwa kwa mtikisiko tu na poda ni kavu. Utajua kwa jaribio la konzi nililoeleza. Halafu hamisha ndoano, ifunge kwenye nguzo isiyoguswa na mtikisiko wa mashine.

---

Mkaguzi_wa_Mchana:

Mimi naona kuna jambo linakuja kabla ya sevisi: je, mitungi iliyopo inaendana na moto unaoweza kutokea pale?

Vumbi la mbao ni la kuogopa. Poda na CO2 hutoka kwa kasi. Ukielekeza kwenye lundo la maranda linalofuka moshi unalirusha hewani, na vumbi la mbao hewani penye moto hulipuka. Pale panatakiwa maji ya kunyunyiza au povu, kwa mpigo mpole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Ule mmoja wa povu uwe hapo, na ongeza wa maji angalau mmoja. CO2 kwa mbao haisaidii pia, inaua mwali lakini kaa linabaki jekundu na linawaka tena gesi ikitawanyika.

Chumba cha thina: poda ni sawa, na hapo umbali una maana. Kwa moto wa mbao mtu anaweza kutembea hadi mita 30 kuufuata mtungi. Kwa thina na vanishi isizidi mita 10 hivi. Uwekwe nje ya mlango wa chumba, usiwe ndani kabisa. Anayeuchukua awe tayari yuko upande wa kutokea.

Jiko la chipsi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mafuta ya kukaangia yakishashika moto, poda inauangusha mwali, lakini mafuta hayapoi na yanawaka tena baada ya sekunde chache. CO2 inarusha mafuta nje ya karai. Maji au povu ni maafa, yanachemka chini ya mafuta na kuyamwaga yakiwaka. Panapokaangwa panahitaji mtungi wa kemikali ya maji wa daraja F (moto wa mafuta ya kupikia), ule wenye mkanda wa njano kwa utaratibu wa Uingereza, pamoja na blanketi la moto. Zima gesi ya jiko kwanza ndipo upulize.

Urefu wa kutundika: mtungi hadi kilo 4 mpini wake uwe mita 1.5 kutoka sakafuni, mzito zaidi ya hapo mita 1. Hapo ni uzito wote, siyo wa dawa iliyomo ndani peke yake. Nikiona wa kilo 6 umetundikwa mita 2 juu ili "usisumbue", najua hakuna atakayeuwahi.

Kuhusu wakubwa: hapa Tanzania una vyombo viwili. OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Sheria yake, Sura ya 427. Zimamoto wanakagua na kutoa cheti, lakini cheti chao si sevisi ya mtungi. Wengi wanadhani wakishalipa tozo ya ukaguzi mitungi nayo imehudumiwa. Hapana, sevisi ni mkataba wako na fundi. Na hata mitungi ikiwa mizima yote, wa kupiga 114, namba ya dharura ya Zimamoto, awe ameshapangwa, kwa sababu poda ya kilo 6 inaisha kwa sekunde kumi na kitu.

---

Mama_Usalama:

Jiko nitalishughulikia wiki hii, sikuwa najua habari ya mafuta kuwaka tena.

Mwajiri amekubali tutafute mtoa huduma mwingine. Niandike nini kwenye mkataba ili nisirudi hapahapa mwakani? Na mitungi ikipelekwa karakanani kwao, sisi tunabaki na nini?

---

Kilo_Tano:

Andika kwamba kila mtungi una mstari wake kwenye ripoti: namba iliyogongwa mwilini, aina, mwaka wa kutengenezwa, uzito kabla na baada, presha, kilichobadilishwa, tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho na tarehe ya kupimwa kwa maji. Ripoti inayosema "mitungi 14 imehudumiwa" usiilipe.

Andika pia kwamba vipuri vya zamani vinarudishwa kwako ndani ya mfuko: oringi, sili, geji, hosi. Mitungi minne ikifunguliwa, unapokea oringi nne za shingo zilizochakaa. Ukipata mfuko mtupu, una swali la kuuliza.

Mitungi isiondoke yote kwa pamoja. Ama wanakuletea ya kuazima ya aina ileile na ukubwa uleule, ama wanachukua nusu, wakirudisha ndipo wachukue nusu nyingine. Mtungi wa chumba cha thina usiondoke bila mbadala wake kuwa umeshatundikwa.

---

FundiNitrojeni:

Naongeza viwili.

Mitungi ya poda inayokwenda kufunguliwa kwa kutimiza muda, usiimwage bure. Itumie kufundishia wafanyakazi uwanjani kabla ya kujazwa: karai la chuma, maji chini, dizeli kidogo juu, upepo mgongoni, mita tatu. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Ukifanya hivyo unafundisha watu na papo hapo unapima poda yako ya 2017. Mtungi ukimaliza, upime. Ukikuta zaidi ya robo ya poda imebaki ndani, ujue ilikuwa imeshaganda au bomba limeziba, na ya mwaka huohuo iliyobaki ukutani iende yote kufunguliwa bila kungoja zamu.

Cha pili, weka kifungu kwamba kila baada ya sevisi wewe unachagua mtungi mmoja wowote na unafunguliwa mbele yako, kwa gharama yao ukikutwa na kasoro, kwa gharama yako ukiwa mzima. Uchague wewe kwa namba kutoka kwenye daftari lako, wasikuchagulie. Poda ikiwa na mabonge, oringi ikiwa kavu yenye nyufa au uzito usipolingana na ripoti, kundi lote linarudi karakanani na malipo yanasimama mpaka wamalize. Mfanyabiashara anayekataa kifungu hicho usisaini naye.